Maji ya Manjano

Kibondo, 26 Mei 2024

Mwalimu wangu Mwatumu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwako kwa zamani. Chumba chako nakifagia kila wiki, sijakipangisha kwa mtu, nimeweka maharage tu. Ukungu wa asubuhi bado unapanda kutoka bondeni, unafika hadi mlangoni pangu na kusimama pale kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mimi nakaa ndani na chai yangu, tunatazamana.

Hii ni barua ya nne tangu wakuhamishie Kasulu. Naandika taratibu, herufi moja moja. Usinipigie simu kunisahihisha. Ulikaa kwangu miaka sita ukinifundisha kusoma na kuandika, na tulikubaliana barua ndizo mtihani wangu. Ukipiga nitakata. Nickson wa basi amesema atazibeba mwenyewe na kukukabidhi mkononi.

Sasa dhumuni. Wewe unafundisha baiolojia, unajua mimea. Wanawake sokoni wanasema kuna mmea unaitwa shubiri, una majani manene yenye miiba pembeni, ukipaka usoni unafuta madoa ya jua na mikunjo, uso unarudi kama wa msichana. Ni kweli? Unafuta kabisa? Kwa siku ngapi?

Siulizi kwa ajili yangu. Kuna mtu mmoja hapa jirani.

Nimeota tena ile ndoto yangu. Nimebeba mzigo mgongoni, napanda kilima, na kila nikipiga hatua mzigo unazidi kuwa mwepesi. Naogopa kugeuka kuutazama. Nikiamka mgongo unaniuma kana kwamba nimebeba kweli.

Mwanafunzi wako,
Yusta Ndayikunda, Mama Irakoze


Kasulu, 1 Juni 2024

Shikamoo Mama Irakoze,

Jirani! Jirani gani huyo? Miaka sita nimekaa uani kwako, majirani zako wote nawajua kwa majina na kwa vikohozi vyao. Hakuna hata mmoja anayejali madoa ya jua. Sema kweli, mama yangu. Ni yule katekista Makarius, anayekuja kuazima jembe na kulirudisha bila hata chembe ya udongo? Mimi nilimshuku zamani! Mficha maradhi kifo humuumbua, na hayo yako si maradhi, ni mapenzi.

Haya, kwanza nikujibu kama mwalimu.

Shubiri naijua tangu utoto. Kwetu Pangani bibi yangu alikuwa nayo nyuma ya jiko. Ukiungua na mvuke wa sufuria, anapasua jani, ndani kuna ute mweupe, baridi, unaoteleza. Akikupaka unahisi kama mtu anakupuliza polepole. Ngozi iliyobabuka kwa jua inatulia, iliyokauka inalainika, kidonda kidogo kinafunga upesi. Hayo ndiyo mazuri yake na siyabishii.

Lakini haifuti miaka. Doa la jua la siku nyingi likififia kidogo, ushukuru, na uvae kofia. Mikunjo haiondoki. Halafu kuna watu inawawasha vibaya, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima uone. Isinywewe, tumbo litakukimbiza chooni mpaka ujute kuzaliwa. Usiichanganye na limao, maana limao likikutana na jua kwenye ngozi linababua. Na akija mtu na kopo akakwambia ni shubiri tupu, muulize mbona inanukia maua na haiozi. Ute wenyewe ukikaa nje siku mbili unaharibika.

Mbele ya maabara yetu hapa shuleni shubiri imejaa tele. Nitakutumia miche na majani. Ila nataka jina la jirani!

Juzi nilipita njia ya Mtabila. Uliniambia uliishi pale kwenye kambi ya wakimbizi kabla hujaolewa na marehemu baba Irakoze. Kambi hakuna tena, kuna upepo kwenye nyasi tu. Nikasimama nikajaribu kukuona ukiwa msichana pale, nikashindwa. Sijui ulikuwa na sura gani.

Mwanao,
Mwatumu


Kibondo, 11 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Miche imefika. Nickson aliiweka chini ya kiti, mwenye kuku akaweka kuku juu yake, miwili imevunjika, mitano ni mizima. Nimeipanda nyuma ya jiko kama bibi yako.

Makarius amenunua jembe lake. Wala si yeye. Jirani hakuna, nilikudanganya. Ni mimi, na ninayetaka anione si mwanaume.

Nina mdogo wangu. Miaka sita hukunisikia nikimtaja kwa sababu nikimtaja chakula hakipiti. Anaitwa Mpawenimana. Mwaka wa tisini na tatu kule Burundi, mama yetu alipouawa, mimi nilikuwa na miaka kumi na tano na yeye sita. Nikambeba mgongoni tukakimbia. Siku ya tatu, asubuhi, ukungu umefunga, mtoto ana homa, mimi miguu imevimba. Kwenye kilima kimoja tukamkuta mama anaitwa Pelagia. Akasema, mwache huyu hapa, atakufa njiani. Nikamwambia Mpawenimana, "Nakuja kukuchukua Jumapili." Nikashuka kilima sina kitu mgongoni, nikavuka kuja Tanzania.

Hiyo Jumapili ina miaka thelathini na mmoja.

Mwezi wa tatu mwaka huu muuza vitunguu wa soko la Mabamba, pale mpakani, alisikia watu wakiniita Ndayikunda. Akasema ng'ambo kuna mwanamke anamtafuta mtu wa jina hilo. Sasa tunaongea kwa simu kila Jumapili. Sauti yake imekuwa nene, ya mtu mzima, lakini anacheka kwa pua vilevile. Nikimsikia akicheka nafumba macho, namwona ana miaka sita, ameketi kwenye ukungu, simu kubwa kuliko sikio lake.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Huko ulikokwenda, kulikuwa kuzuri?"

Ningesemaje, Mwalimu? Nilimwacha ili nije pazuri. Nikasema ego, ndiyo, kuzuri sana. Nikasema nina nyumba kubwa, miaka kumi sijashika jembe, ngozi yangu ni laini kama ya mke wa mkuu wa wilaya. Nikaongea mpaka mimi mwenyewe nikaiona hiyo ngozi. Ilikuwa nzuri!

Akaomba picha. Nikasema simu yangu ni ya tochi, haipigi picha. Irakoze alipokuja likizo akataka kunipiga na simu yake ili amtumie, nikajifunika kitenge kichwa kizima.

Tunakutana Mabamba Jumamosi, tarehe ishirini Julai. Na wewe uso wangu unaujua. Jua la mihogo limekaa kwenye mashavu, moshi umekaa kwenye macho, na mikunjo haina idadi. Akiuona atajua kwamba nilimwacha kilimani kwa ajili ya bure. Yote nitaweza kuyabeba, hilo sitaliweza.

Nimesoma uliposema haifuti. Nimesoma mara tatu. Basi ifute kidogo tu. Niambie namna ya kupaka.

Yusta


Kasulu, 29 Juni 2024

Mama yangu,

Barua yako ilinikuta darasani, kwenye kambi ya kidato cha nne, nasimamia mtihani. Nikaifungua nikidhani nitacheka. Nimelia mbele ya watoto arobaini nikawaambia ni vumbi la chaki, na ubao wenyewe siku hizi tunaandikia kalamu ya wino.

Miaka sita ulilala upande wa pili wa ukuta na jambo hilo kifuani, na mimi nikilalamika mboga imezidi chumvi. Nisamehe sana. Na yale ya Makarius nisamehe pia, mdomo wangu unaujua.

Tangu juzi nikifumba macho namwona huyo mtoto kwenye ukungu. Nafikiri ungemwambia ukweli tu, mama. Lakini si mimi niliyembeba, kwa hiyo nanyamaza. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno na sikuyapata, na leo ndiyo hivyo tena, kengele imelia, Nickson yuko getini anapiga honi kama anapeleka mgonjwa.

Namna ya kupaka ni hii. Chagua jani la chini, lililonenepa. Kata karibu na shina. Kwanza mwaga maji ya manjano, usiyaonee huruma, mwaga mpaka yaishe. Subiri robo saa. Ndipo upake ute. Asubuhi na jioni.

Usisahau kiwiko!

Mwatumu


Kibondo, 14 Julai 2024

Mwalimu,

Sijui nianzie wapi.

Nimefanya yote uliyoandika. Nilikwenda sokoni nikanunua manjano, pakiti tatu, ile ya kuwekea pilau. Nikakoroga na maji kwenye beseni, nikajimwagia usoni, sikuyaonea huruma, nikamwaga mpaka yakaisha. Nikasubiri robo saa. Nikakata jani, na hapohapo likiwa linachuruzika nikapaka lote, nikasugua. Asubuhi na jioni, siku nne.

Kiwiko sikujaribu. Kiwiko hakiendi Mabamba.

Siku ya pili uso ulianza kuwasha. Nikasema dawa inayouma ndiyo inayoponya. Siku ya nne kope zikavimba, mashavu yakatoka vipele, na uso mzima ni wa njano, Mwalimu. Shingo njano. Masikio njano. Mto wa kulalia njano. Mbuzi alinitazama akaacha kutafuna. Wanafunzi wakipita njiani wananisalimia vizuri, "Shikamoo Mama Ndizi," halafu wanakimbia. Kanisani leo sikwenda, nitamwambia nini Mungu?

Nimemwambia Mpawenimana nina malaria. Nimesema tusogeze mbele, labda mwezi wa tisa. Nilisikia jogoo wa kwao akiwika, ndipo nikajua simu haijakatika. Halafu akasema, "Sawa. Tarehe ngapi?"

Nikasema nitakwambia.

Akasema, "Utaniambia Jumapili?"

Salio likaisha, au mimi nilikata, hata sijui. Tangu hapo nimekaa ndani. Nikitazama dirishani kilima cha mbele kinaonekana kiko karibu sana, na kuna kitu cheupe juu yake, pengine mbuzi, pengine jiwe. Nimekitazama mpaka jua likazama na hakikusogea.

Hukukosea kuniambia haifuti. Ila hukuniambia inaongeza.

Yusta


Kasulu, 16 Julai 2024

Shikamoo mama yangu, mama yangu, mama yangu!

Kosa ni langu. Soma polepole, usikasirike mpaka ufike mwisho.

Jani la shubiri ukilikata, kabla ya ute kuna utomvu unaotoka pale kwenye ganda. Rangi yake ni kama mkojo wa asubuhi, nao ni mchungu, unanuka. Huo ndio mbaya. Huo ndio unaowasha na kuvimbisha. Mtu husimamisha jani, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, utomvu unachuruzika robo saa na kwisha, kisha unaosha jani, unamenya, na unachukua ule ute wa ndani tu. Ninyi huko rangi hiyo mnaiita njano. Sisi kwetu Pangani ni rangi ya manjano. Nilipoandika "mwaga maji ya manjano" nilitaka uyamwage yaende zake. Yaondoke! Mimi mwalimu wa baiolojia, mwenye digrii, nimeshindwa kuandika "utomvu". Na wewe mwanafunzi mtiifu ukayatengeneza maji ambayo hayakuwapo, ukajimwagia, na yale niliyokukataza ukayaacha ndani ya jani ukayasugua usoni.

Nilicheka, sitakuficha. Nilicheka mpaka mwalimu mwenzangu Loyce akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika pale kwenye jogoo nikaona aibu.

Acha kila kitu. Nawa kwa maji baridi, usisugue, usipake sabuni kali wala mafuta yenye harufu. Kope zikizidi kuvimba nenda hospitali siku hiyohiyo. Vipele vitashuka. Manjano yatatoka yenyewe, lakini si kwa Jumamosi.

Na Jumamosi unakwenda.

Nisikilize. Nilipomaliza chuo nilikaa Dar miaka mitatu bila ajira. Bibi yangu alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wake ni daktari. Nikaona haya kurudi nikiwa muuza vocha. Kila sikukuu nikamwambia nina zamu, nitakuja nikipata nafasi. Nilirudi siku ya tatu ya matanga. Jirani akaniambia bibi siku za mwisho alikuwa hamwulizii daktari, alikuwa anaulizia mtu wa kumkuna mgongo. Nina vidole kumi, Mama Irakoze. Nilikuwa nakaa na vidole kumi huko Dar.

Ndiyo sababu nilikubali kupangiwa huku mbali. Sikuwahi kukwambia hilo na wewe hukuniuliza.

Mpigie leo. Mwambie huna malaria. Uso wa njano ni aibu ya wiki moja. Nimeomba ruhusa nije nikushike mkono, nimenyimwa, mitihani. Nenda hivyohivyo ulivyo, hata kama mbuzi wote wa Mabamba wataacha kutafuna.

Mwanao mkosaji,
Mwatumu


Kibondo, 18 Julai

Mwalimu,

Nimempigia. Nimemwambia sina malaria. Akauliza una nini basi, nikasema utaona Jumamosi.

Kope zimeshuka. Vipele vipo. Rangi ipo.

Nitapanda gari. Kushuka ndiyo sijui.

Y.


Kibondo, 22 Julai 2024

Mwanangu Mwatumu,

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni. Ukungu umekuja leo pia, mzito, hata mti wa parachichi siuoni, nasikia tu matone yakidondoka kutoka kwenye majani yake.

Nilishuka. Kondakta alisema "Mama, mwisho wa gari ni hapa," ndiyo sababu nilishuka, si kwa ushujaa.

Watu walikuwa wanachoma nyasi ng'ambo, vilima vya Burundi vilikuwa kwenye moshi, vimepauka, kama vitu unavyoviona kabla hujaamka vizuri. Soko limejaa. Nikakaa karibu na muuza vitunguu, kitenge nimejifunika mpaka puani, jasho linanitoka, vipele vinawasha. Wanawake wakawa wanakuja kutoka ng'ambo na mizigo kichwani, mmoja mmoja, wanatoka kwenye moshi. Kila mmoja nilisema ndiye, na kila mmoja alipita. Nikaanza kuona ni vizuri wapite tu wote, nirudi nyumbani.

Halafu nyuma yangu mtu akacheka kwa pua.

Sikugeuka. Sikuweza. Yeye ndiye aliyezunguka akaja mbele, mwanamke mnene, mfupi, mwenye viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi. Akachuchumaa. Akashika kitenge kwa vidole viwili akakishusha. Nikafumba macho kama mtoto anayechanjwa.

Akasema, "Mawe!"

Sasa wewe Mwalimu ni mtu wa pwani, utadhani alisema mawe ya kujengea. Kwetu "mawe" ni mshangao, mtu akiona nyoka au maajabu husema hivyo. Nikajua ni rangi. Nikaanza kueleza upesi, macho bado nimefumba, kwamba ni manjano tu, ni ya pilau, kuna mwalimu aliandika barua, itatoka. Akasema tena, polepole, "Mawe." Nikafungua macho. Alikuwa analia, machozi yanadondoka kwenye vitunguu. Wala hakuwa anashangaa rangi. Neno hilohilo ndilo tunalomwitia mama. Alikuwa ananiita mama.

Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema. "Sura ya mama ilinitoka nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nikifumba macho naona nguo yake tu, juu yake hakuna kichwa. Hatuna picha. Hakuna hata mtu mmoja aliyebaki anayefanana naye, nami nimefanana na baba. Kumbe amekuwa huku. Kumbe angezeeka hivi." Akaweka kidole kwenye mikunjo ya jicho langu, mmoja, wa pili, akashuka kwenye mashavu, kwenye yale madoa ya jua, kote. Mwenye vitunguu akageukia pembeni.

Mimi nilikuwa sijui, Mwatumu. Kioo changu ni kile kidogo kilichovunjika. Miaka yote hii sikuwahi kumwona mama humo.

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba jembe nimelishika mpaka juzi, kwamba nyumba ni ile ya vyumba vitatu, kwamba hakuna mke wa mkuu wa wilaya. Akasema, "Nilijua. Ulikuwa unaongea na simu huku unapasua kuni, nasikia shoka." Nikamuuliza kuhusu kilimani. Hakunidanganya. Alisema Pelagia alimlea vizuri, alimlisha, akamzika kama mama yake. Alisema pia kwamba kila Jumapili alikuwa anakaa njiani, mpaka akaota matiti bado anakaa. "Kuna siku nakusamehe," akasema, "na kuna siku nashindwa. Leo sijui ni siku gani." Nikamwambia chukua siku zote unazotaka. Nililia sana. Nikaona njano inaingia mdomoni, chungu.

Amepewa kibali cha wiki mbili, nimekuja naye. Amelala chumbani kwako, maharage nimeyahamisha, usinune. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa kutembea, ikitoa damu kwenye visigino. Jana nilikata jani, nikalisimamisha robo saa, utomvu ukaenda zake wote, nikaosha, nikamenya, nikampaka ute. Kwanza nilijaribu kwenye kiwiko chake. Akauliza kiwiko kina nini, nikasema ni masharti ya mwalimu. Amesema unapoza. Amesema kwao ipo ya porini na mbuzi wanaipita tu.

Kwa hiyo nimeshakuandikia mazuri yake na mabaya yake, unipe alama.

Leo asubuhi nilitoka na beseni na sabuni niliyobakiza, nikasema nisugue rangi hii iishe, tuna wageni mchana, watu wa jumuiya wanakuja kumwona. Nimeshajaza maji. Akatoka ndani amejifunga shuka, hajanawa, macho bado mazito, akanishika mkono na sabuni yangu.

"Usinawe kwanza," akasema. "Sijamaliza kumwangalia."

Basi nimekaa hapa mlangoni, uso wangu njano, naandika, naye amekaa mbele yangu ananitazama.

Yusta